Tupeane uzoefu: vipimo vyote safi lakini mwili unaumwa kweli. Nani wasiwasi umewahi kumfanya augue?

#1 (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Miezi kumi na moja nimezunguka hospitali nikijua nakufa kwa moyo. Naandika ili mwenzangu asipite njia hiyo hiyo peke yake.

Ninauza nafaka sokoni. Mwaka jana biashara iliyumba, nikaingia kwenye mkopo wa kausha damu, marejesho kila Alhamisi. Usiku mmoja nimelala, moyo ukaanza kwenda mbio kama nimekimbizwa, kifua kikabana, vidole vya mkono wa kushoto vikafa ganzi, jasho likanitoka hadi shuka likalowa. Mke wangu akaita bodaboda, saa nane usiku tuko mapokezi. Presha 150/95. ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, safi. Baada ya saa moja presha 124/80, nikaambiwa nirudi nyumbani.

Hali ikajirudia, ikajirudia tena. Nimepimwa ECG mara nne, ECHO (picha ya moyo) mara moja, sukari, malaria, typhoid, vidonda vya tumbo. Dawa nimekunywa za kila aina. Daktari mmoja akasema, "Mzee wewe huna kitu." Ile kauli iliniuma sana, kwa sababu kifua kilikuwa kinauma kweli, sikuwa naigiza.

Aliyeniokoa ni muuguzi mmoja, mama wa makamo. Alichukua daftari langu la matibabu akalifungua ukurasa kwa ukurasa, kila tarehe anaiangalia kwenye kalenda ya ukutani na kuiwekea alama kwa peni. Akanigeukia: "Baba, mbona zote ni Jumatano usiku?"

Sikuwa na la kujibu. Alhamisi asubuhi ndipo yule bwana wa marejesho hupita gengeni.

Karibuni, kila mtu aseme lake.

#2
Mimi chuo. Kila UE, mitihani ya mwisho wa muhula, inapokaribia naharisha wiki nzima. Nimemeza dawa za amiba hadi nimechoka. Siku ya karatasi ya mwisho tumbo linakauka lenyewe, hata dozi sijamaliza.

#3
Mimi ni nesi, niko OPD, wagonjwa wa nje, miaka kumi na miwili. Wagonjwa kama mleta mada tunawaona kila wiki, na wengi tunawaacha waondoke bila maelezo. Hilo linaniumiza.

Maumivu ni ya kweli. Ubongo ukihisi hatari hauulizi kama ni simba au ni mdai. Tezi zilizo juu ya figo zinamwaga adrenalini, moyo unaongeza kasi, presha inapanda, misuli ya kifua na shingo inakaza, tumbo linavurugika. Halafu mtu anaanza kuhema haraka haraka bila kujua. Ukihema hivyo unatoa hewa ya ukaa nyingi mno, na ikipungua kwenye damu ndipo vidole na midomo hufa ganzi na kichwa kuwa chepesi. Mgonjwa akiona ganzi anajua ni kiharusi. Anaogopa zaidi, anahema zaidi. Shambulio la hofu mara nyingi hufika kileleni ndani ya dakika kumi, kisha hushuka lenyewe. Ndiyo maana wengi mkifika kwetu hali imeanza kutulia, na ECG haioni kitu.

Lakini jamani, msijipachike wasiwasi kabla hamjapima. Tezi ya shingo ikizidisha kazi, damu ikipungua, moyo wenyewe ukiwa na shida, dalili zinafanana sana. Na kifua kikibana ukitembea au ukibeba mzigo, maumivu yakipanda kwenye taya au mkono, mdomo ukipinda, upande mmoja ukikosa nguvu, hapo usisome uzi, kimbia hospitali.

#4
Dada nesi ubarikiwe. Mimi yangu ilikaa kooni. Mama alifariki, mimi ndiye niliyemuuguza. Baada ya arobaini nikaanza kuhisi donge hapa kooni, kama tonge la ugali limekwama. Nikajua ni kansa, maana mama alikufa kwa kansa. Nikaacha nyama, nikaacha wali, nikawa mtu wa uji na mtori. Nilipungua hadi sketi zikawa zinazunguka kiunoni.

Waliingiza kamera wakaangalia, njia nyeupe. Daktari akaniuliza, "Chakula kinakwama, au unahisi tu kama kuna kitu?" Nikafikiri vizuri. Chakula hakikuwahi kukwama hata siku moja. Donge lilikuja zaidi nikimeza mate, hasa jioni, saa niliyokuwa nikimpa mama dawa.

Nilipelekwa kwa mwanasaikolojia. Kikao cha kwanza sikuongea, nililia tu. Cha tatu nikala wali.

#5
Dereva wa lori hapa. Niliona gari la mwenzangu limelala mlima Kitonga. Toka siku hiyo nikifika Ruaha Mbuyuni tu viganja vinalowa, usukani unateleza, macho yanaona ukungu na jua liko juu. Nilipima macho mara mbili. Sasa nimeelewa.

#6
Hayo ni majini tu, mmetupiwa. Tafuteni shekhe au mchungaji, mtapona.

#4
Ndugu yangu wa #6, kisomo nilisomewa, na sikidharau. Usiku ule nililala vizuri. Ila nilikuwa bado sijamlilia mama yangu, na donge lilirudi.

#7
Nimeishi Harare. Washona wana neno moja la hali hii, *kufungisisa*, kuwaza kupita kiasi. Tangu 2006 daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi la zahanati na kuwasikiliza wagonjwa. Kwetu ukitaja daktari wa akili, ndugu wanakuuliza kama unapelekwa Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma.

#8
Wakuu, saa hizi ni saa tisa kasoro usiku. Nasoma huku moyo unadunda, midomo imekufa ganzi. Niko peke yangu. Kuna mtu macho?

#3
Niko zamu. Kifua kinauma? Mdomo umepinda? Mikono yote inainuka?

#8
Kifua hakiumi. Mdomo uko sawa. Mikono inainuka. Hii ni mara ya tatu mwezi huu.

#3
Kaa kitako, miguu sakafuni. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu nne, itoe taratibu kwa mdomo ukihesabu sita. Usijifunike mfuko mdomoni na puani. Fanya hivyo, niandikie baada ya dakika tano. Isiposhuka, mwamshe jirani akupeleke.

#1 (mleta mada)
Mimi pia nipo macho, ni Jumatano. Tuhesabu pamoja.

#8
Imeshuka. Midomo imerudi. Asubuhi naenda kupima damu na tezi kama dada alivyosema, na safari hii nitamwambia daktari kuhusu kazi niliyofukuzwa.