Naombeni ushauri: maskini hawapigi kura kwa uvivu, au sheria zinawabana?

MtuWaZamu: Wakuu, heshima kwenu. Ijumaa nina mdahalo chuoni. Upande wetu unatetea kwamba pengo la kipato hupunguza wapiga kura. Wapinzani watasema asiyejitokeza ni mvivu, basi. Nimeandika kurasa tatu, nikizisoma mwenyewe nasinzia. Nianzie wapi?

Bi_Takwimu: Mdogo wangu, anza na Uholanzi. Mwaka 1967 kwenda kituoni kulikuwa lazima kisheria, wakajitokeza kama asilimia 95. Sheria ikafutwa 1970, na uchaguzi wa 1971 wakashuka hadi 79 hivi. Watu ni walewale. Uvivu hauingii nchini kwa tangazo la serikali.

MzeeWaFoleni: Hapo umethibitisha sheria tu, dada. Kipato kiko wapi?

Bi_Takwimu: Unanivizia, mzee! Haya, Chile. Kura ilipofanywa hiari mwaka 2012, mitaa ya matajiri ya Santiago ikawa inajitokeza kuliko ya maskini. Kura ya lazima ikarudi kwenye kura ya maoni ya 2022, na waliofika wakapita asilimia 85.

Kalamu_Nyeusi: Mkuu, usiwamwagie asilimia tupu. Waoneshe mtu. Marekani uchaguzi mkuu ni Jumanne tangu sheria ya 1845, wala si sikukuu ya taifa. Mama wa usafi katoka zamu ya usiku, kapeleka watoto shule, mchana ana kibarua kingine kinacholipwa kwa saa. Foleni ya saa mbili kwake ni mshahara uliokatwa. Mwenye ofisi yake anatoka, anapiga kura, anarudi, hakuna anayemuuliza. Halafu mpangaji: kodi ikipanda anahama, na majimbo mengi yanamtaka asahihishe anwani kwenye daftari. Mwenye nyumba yake hana habari na usumbufu huo.

MtuWaZamu: Hilo la mpangaji sikuliwaza kabisa! Wakidai kura ya lazima inaua uhuru je?

Kalamu_Nyeusi: Australia wanayo tangu 1924. Faini ya uchaguzi wa taifa ni dola 20, mwenye sababu ya msingi husamehewa, na kura hupigwa Jumamosi. Unalazimishwa kufika. Ukitaka kuharibu karatasi, kura ni siri.

MzeeWaFoleni: Mimi bado nabisha kidogo. Kuna wanaokaa nyumbani kwa sababu hakuna mgombea anayegusa shida zao. Jumamosi haiwatibu hao. Kijana, kiri hilo mapema kabla hawajakubana nalo.

MtuWaZamu: Shukrani wakuu. Bi_Takwimu, ile ya tangazo la serikali naiiba.

Bi_Takwimu: Iibe. Kurasa tatu ziache nyumbani.