Sindano ya homoni imenimaliza nguvu: nikae kama wanavyotaka nyumbani, au nitoke nje?

Karani Mstaafu
Wakuu, salaam. Wenye utani wa mambo ya kiume naomba wapite pembeni, nyuzi za hayo zipo tele humu.

Nina miaka 67, naishi Tanga, Ngamiani. Mwaka jana nilikutwa na saratani ya tezi dume. Nilikwenda Dar nikapigwa mionzi hadi nikamaliza, na sasa niko kwenye sindano ya homoni, ile inayochomwa tumboni kila baada ya miezi mitatu. Nimeshachomwa tatu. PSA, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imeshuka vizuri na daktari amefurahi. Mimi sijafurahi.

Uchovu huu sijapata kuuona. Nimefanya kazi bandarini miaka 31, nimekesha na meli, kuchoka nakujua. Kule ukilala unaamka mtu mzima. Huu nalala masaa tisa mazima naamka vilevile, kama simu iliyolala kwenye chaji na soketi imezimwa. Juzi nilipanda baiskeli kwenda soko la Mgandini, kurudi nikaikokota. Mapaja yamesinyaa, tumbo limeota, na usiku joto linanipanda ghafla kifuani hadi usoni, shuka chapachapa.

Nyumbani wameninyang'anya kila kitu. Ndoo sibebi, uwanja sifagii. Mke wangu akiniona nimesimama ananisogezea kiti. Nilimuuliza daktari, foleni ilikuwa nje hadi kwenye ngazi, akaniambia "ni dawa hiyo mzee, utazoea". Halafu kijana mmoja tuliyekaa naye benchi, kamsindikiza baba yake, akasema mzee wake kaanza mazoezi na ndiyo yaliyomwinua. Mazoezi! Mimi ninayepumzika mara mbili kabla ya kufika msikitini?

Aliyepitia haya aniambie ukweli.

Ngosha Mpole
Shikamoo mzee. Mwili ukisema umechoka, usikilize. Kula matunda, lala. Mazoezi tuachie sisi.

Babu wa Kilifi
Ndugu yangu Karani, pole. Mimi nina 71. Sikudungwa sindano, gharama ilinishinda, nikakubali upasuaji wa kutolewa korodani. Hiyo ilikuwa 2021. Nasema wazi kwa sababu wazee wengi wamefanyiwa na hakuna anayetamka. Mwisho wake ni mmoja na sindano yako: homoni ya kiume inakatika, ila kwangu ilikatika kwa siku moja.

Nilikaa chini ya mwembe miezi minane. Chakula kinaletwa, maji yanaletwa, hata redio nawashiwa. Nikawa nanenepa huku nakonda, sijui kama unanielewa.

Wewe unanielewa.

Aliyeniondoa pale ni mpwa wangu, ni nesi. Alinitazama nikijaribu kuinuka kitini kwa kusukuma mikono, akaniambia, "Mjomba, miguu yako inakufa na wewe unaitazama." Siku ya kwanza nilitembea hadi kwa jirani na kurudi, dakika saba kwa saa yangu. Nikalala mchana kutwa. Kesho yake tena saba. Wiki ya pili kumi. Mwezi wa tatu nilikuwa nafua nazi zangu mwenyewe, zile za kula nyumbani, si za kuuza. Uchovu haukuondoka, nisikudanganye. Umepungua, sasa mimi ni mkubwa kuliko huo uchovu.

Fizio wa Mikocheni
Mzee Karani, shikamoo. Nafanya kazi ya fiziotherapia, yaani tiba ya viungo, na wagonjwa wa saratani napokea kila wiki. Ngosha, ushauri wako ni wa upole lakini kwa uchovu huu unaharibu.

Sindano inafunga amri inayotoka kwenye ubongo kwenda kwenye korodani, hivyo testosteroni, homoni ya kiume, inashuka karibu na sifuri. Saratani inakosa chakula chake, ndiyo maana PSA imeshuka. Lakini homoni hiyohiyo ndiyo ilikuwa inalinda misuli yako, inasaidia kutengeneza damu na kuimarisha mifupa. Ikiondoka, misuli inayeyuka na mafuta yanakaa mahali pake. Ukiwa na misuli kidogo, kuinuka tu kitini kunakula sehemu kubwa ya nguvu uliyo nayo, kwa hiyo unachoka. Ukichoka unakaa. Ukikaa misuli inazidi kuyeyuka. Kiti unachosogezewa kwa mapenzi ndicho kinachokuzamisha.

Kabla sijakwambia ufanye nini, nijibu matatu. Damu yako ina wingi gani? Ulipigwa picha ya mifupa, na walisemaje? Una presha, sukari, au moyo?

Tabibu Asili 77
Wazee wote wenye shida hii nina unga wa mizizi unaosafisha tezi na kurudisha nguvu siku 14. Njoo inbox.

Mama Nasra
Tabibu, toka. Mzee anatumia dawa za hospitali, hiyo mizizi inagombana nazo vipi unajua? Na "kurudisha nguvu" ndiyo homoni wanayohangaika kuizima.

Karani Mstaafu
Marahaba wanangu. Babu wa Kilifi, hilo la kunenepa huku nakonda nimelisoma mara tatu, nikamsomea na mke wangu.

Fizio: damu ya mwisho ilikuwa 10.9. Picha ya mifupa walisema haina kitu. Presha ninayo, natumia kidonge kimoja asubuhi. Sukari sina, ila nimeambiwa inanyemelea.

Fizio wa Mikocheni
Damu ya 10.9 kwa mwanaume iko chini. Tiba hii huishusha kidogo kwa wengi, lakini usiiache iwe "ni dawa hiyo". Kliniki ijayo waulize kama kuna sababu nyingine, upungufu wa madini chuma kwa mfano, maana hilo linatibika na mazoezi peke yake hayatalitibu. Usingizi pia uutaje, na kama moyo umekuwa mzito, huna hamu ya kitu, sema bila aibu. Uchovu una wazazi wengi.

Mifupa kuwa safi ni habari njema. Wangekuwa wamekuta saratani kwenye uti wa mgongo au nyonga nisingekupangia kitu humu, ningekwambia uonwe ana kwa ana kwanza. Na hili kila mzee alishike: maumivu mapya ya mgongo, miguu kuishiwa nguvu au kuingia ganzi, au kushindwa kuzuia mkojo au choo, hospitali siku hiyohiyo, usingoje kesho.

Sasa kazi. Kutembea siku tatu kwa wiki, baada ya sala ya alfajiri kabla jua halijawaka, maana joto linaamsha zile jasho zako. Anza na dakika utakazoweza, hata tano, lengo ni kufika 30 pole pole kwa wiki nyingi. Mwendo uwe ule ambao ukiamkiwa njiani unaweza kujibu, ila ukitaka kuimba taarabu pumzi inakataa.

Siku mbili nyingine, zisifuatane, ni za misuli, na hizi wazee wengi wanaziruka wakati ndizo dawa yenyewe. Kaa kwenye kiti kigumu, si kochi, inuka bila kushika, keti taratibu. Mara 8 za mwanzo zikiwa rahisi nenda hadi 12, kisha pumzika urudie mzunguko wa pili. Pushapu za ukutani vivyo hivyo. Shika meza unyanyuke kwa vidole vya miguu. Wewe ni mtu wa Tanga, baiskeli hazikosi: chukua tyubu kuukuu, ifunge kwenye nguzo, uivute kuelekea kifuani kama unavuta kamba ya ngalawa. Ikifika mara ya mwisho uone kazi, lakini usibane pumzi, hasa wewe mwenye presha. Toa pumzi unapoinuka.

Siku mbaya fanya nusu. Usiache kabisa.

Mdadisi 2.0
Samahani Fizio, nina swali la kijinga. Watu wanasema kunyanyua vitu vizito kunaongeza testosteroni. Si tutakuwa tunailisha saratani?

Fizio wa Mikocheni
Si la kijinga, naulizwa kila mara. Amri imefungwa juu, huku chini kiwanda kimezimwa. Kunyanyua ndoo hakukiwashi. Kuna utafiti wa Canada ulitoka 2003, wanaume 155 walio kwenye tiba ya homoni. Kundi moja lilifanya mazoezi ya uzito mara 3 kwa wiki kwa wiki 12, jingine likasubiri. Walionyanyua uchovu wao ulipungua na misuli ikaongezeka nguvu, PSA na testosteroni hazikupanda kwa sababu ya mazoezi. Tafiti za baada yake zimeendelea kuonyesha hivyohivyo kuhusu uchovu.

Mswahili wa Leicester
Naongezea. Huku Uingereza mwongozo wa serikali tangu 2014 unasema mwanaume akianza tiba hii apewe mazoezi ya kusimamiwa angalau mara mbili kwa wiki kwa wiki 12, ya pumzi na ya misuli, kwa ajili ya uchovu. Baba yangu alipelekwa. Ukumbi umejaa wazee wanaovuta mipira na kulalamika kuhusu mpira wa miguu. Alichopenda si mazoezi, ni kwamba wote pale wanavuja jasho la ghafla na hakuna anayeuliza. Mzee Karani, tafuta hata mmoja wa kutembea naye.

Mama Nasra
Naomba nimtetee mke wa mzee. Mimi ndiye nilikuwa nasogeza kiti. Mume wangu alipoanza sindano nilimfanya yai. Nikimwona kainama, roho inaruka. Hakuna aliyeniambia mimi; daktari aliongea naye, mimi nikabaki nje na mkoba. Siku alipobeba ndoo nililia, akaniambia "unanizika kabla sijafa".

Mzee, usimfokee. Mpe kazi. Mimi nilijipa mwenyewe: nahesabu. Anainuka kitini mimi nahesabu kwa sauti, na nikidanganya anajua. Na chakula usisahau, misuli haijengwi na chai na mkate. Mayai, maharage, samaki, dagaa mle na mifupa yao, maziwa.

Ngosha Mpole
Nimejifunza, naufuta ushauri wangu. Mzee wangu kijijini naye wamemkalisha hivyohivyo.

Karani Mstaafu
Wiki ya nne leo, narudi kama nilivyoahidi inbox.

Ya kwanza ilikuwa mbaya. Siku ya tatu nilichoka hadi nikataka kuwatukana nyote, Babu wa Kilifi wa kwanza. Mke wangu akasema "nilikwambia". Nikamfungulia maneno ya Mama Nasra asome mwenyewe. Hakusema kitu. Asubuhi yake akatoa kiti cha mbao uani akakaa pembeni na tasbihi yake, eti na mimi nihesabiwe kwayo. Sasa majirani wanasikia "tisa, kumi, bado mbili" kila Jumanne na Ijumaa.

Natembea dakika 18. Msikitini napumzika mara moja, jana sikupumzika. Usingizi umekuwa afadhali kidogo, jasho liko palepale. Kliniki nilitaja damu, wakanipima chuma, nimepewa vidonge. Kumbe unauliza tu.

Maswali mawili. Baiskeli nirudi? Na Ramadhani ikifika nafanyaje?

Fizio wa Mikocheni
Hongera mzee, na salamu kwa kocha.

Baiskeli subiri hadi mapaja yarudi. Shida yangu ni kuanguka, mifupa kwenye tiba hii inapungua uimara na bodaboda hazina huruma. Ukirudi, anza barabara tulivu. Na siku mbili kabla ya kupima PSA usiendeshe wala usifanye mazoezi makali, yanaweza kuchezea majibu. Ramadhani, kama daktari ameridhia ufunge, fanya saa moja hivi baada ya kufuturu, maji kwanza.

Babu wa Kilifi
Tarawehe usiisahau kwenye hesabu. Kuinuka na kukaa kule ni mazoezi ya kiti bila kiti.

Karani Mstaafu
Amin. Mke wangu anauliza: nikibeba dumu la maji la lita 5 kama zoezi, nilijaze?

Fizio wa Mikocheni
Mwambie nusu. Likijaa ni kilo tano. Mwezi ujao aongeze yeye, si wewe.