Kuvumwani yangu imegeuka rangi ya chai, nifanyeje?

MamaKiamunyi: Hamjambo wenzangu. Niko Kiamunyi, Nakuru. Mwaka jana daktari aliniambia presha hii inataka nipunguze mbio, nami kukaa bure sikuzoea. Nikawa naketi nyuma ya nyumba karibu na tangi, pale mfereji unapodondoka. Ndipo nikayaona yale majani madogo laini kama manyoya ya kifaranga, yameshika ukuta. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiyasugua kwa brashi! Kamusi inaita kuvumwani. Kwetu tulisema tu "ule uchafu wa kijani".

Nilibandua kipande cha ukubwa wa kiganja, nikakilaza juu ya kigae cha chungu, dirishani. Kila asubuhi nakitazama kwa miwani ya kusomea. Kuna vijiti vyembamba kama uzi, kila kimoja na kichwa kama cha njiti ya kiberiti. Nikianza kuvitazama, nusu saa inapita.

Sasa wiki ya tatu inageuka rangi ya chai. Nainyunyizia maji ya kisima mara mbili kwa siku, nikaongeza na mbolea kidogo. Mama mkwe amekuja kututembelea, anasema nafuga ukungu. Nisaidieni kabla hajaitupa.

Mkulima_Njoro: Pole mama. Mbolea acha leo hii. Hiyo haina mizizi, ina vinyuzi vya kujishikilia tu. Inakunywa kwa majani yake, kwa hiyo maji yakikauka, chumvi inabaki papo hapo juu ya jani. Na maji ya visima vyetu unayajua, hayo hayo yenye floraidi yanayotupaka meno rangi. Kinga maji ya mvua utumie hayo. Dirisha linatazama wapi?

MamaKiamunyi: Magharibi. Jua la saa tisa linaingia lote.

Mkulima_Njoro: Basi umeikaanga.

Omwana_wa_Kakamega: Huku kwetu inaota hata kwenye viatu ukivisahau nje. Ila nakuomba, ukitaka nyingine usibandue msituni. Msitu wa Kakamega unalindwa, na zulia nene vile halikuota kwa msimu mmoja. Ukuta wa ploti unatosha, na uchukue kidogo tu.

Ziwani_Kisumu: Mimi nilisoma mahali kwamba uisage na maziwa mala upake kwenye jiwe. Nikapaka. Siku ya nne ni harufu na nzi, kisha paka wa jirani akalilamba jiwe likang'aa. Usithubutu! Kwa joto la Kisumu nimefaulu bafuni tu, ndani ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, kifuniko nusu wazi.

Bwana_Hesabu: Sukari imepanda bei na nyinyi mnafuga uchafu.

MamaKiamunyi: Huu haunidai sukari, ndugu yangu.

MamaKiamunyi (siku nne baadaye): Jana mvua imepiga kidogo, nikakinga sufuria mbili. Kigae nimekihamishia chini ya ngazi ya nyuma, penye kivuli. Kuna kipande kilichokauka hadi kikawa kama majani ya chai, nilikuwa nimekitupa pembeni. Nimekidondoshea maji ya mvua, nikakaa. Vijani vilivyojikunja vikaanza kufunguka kimoja kimoja, na kijani kikarudi kabla kikombe changu hakijapoa. Kile cha kwanza katikati bado ni kahawia, sijui kama kitapona.

Mama mkwe alinikuta hapo, akaenda zake, akarudi na kigoda. Anauliza, vile vijiti ni maua?

Mkulima_Njoro: Si maua, haina maua kabisa. Vichwa vile ni vibweta vya spora, vumbi ambalo kuvumwani huzalia. Kikikomaa na kukauka, kifuniko kinadondoka na upepo unalibeba. Mwambie mama asipige chafya karibu.

MamaKiamunyi: Nimemwambia. Amejifunika mdomo kwa leso na bado anachungulia.