Nawekaje mashine za klayenti kwa klasta ya Ceph kwa terminali? Nimekwama

mkaazi_langoni
Salaam jamani. Tuko Amu hapa Langoni, ofisi ndogo ya kuskani picha za zamani na kuhariri video za harusi na maulidi. Tuna seva tatu za Ceph (programu ya kuunganisha diski za seva nyingi ziwe ghala moja), fundi aliyezifunga alitumia cephadm, chombo chake cha kufungia, halafu akahamia Mombasa na simu hashiki tena. Zenyewe ziko poa, `ceph -s` kwa seva ya kwanza yaniambia HEALTH_OK. Shida ni hizi mashine za kuhariria, ziko tano zote Ubuntu 22.04, nataka ziione folda ya /picha kama diski ya kawaida tu. Nimeweka ceph-common kwa moja, nkiandika `ceph -s` yaniletea ObjectNotFound na conf_read_file sijui nini. Kijana mmoja hapa anambia nikopi faili zote za /etc/ceph kutoka seva, mwengine asema kila mashine niiandikie `ceph orch host add` ndo ziingie. Nifuate lipi? Dashibodi ilizimwa kwa hiyo nipeni amri za kuandika.

fundi_wa_mokowe
Yote mawili wacha ndugu yangu. `ceph orch host add` ni ya kuongeza seva, si klayenti, yaani mashine ya kutumia ghala tu. Ukiiandika cephadm itaihesabu hiyo mashine kuwa moja ya seva, na isipoambiwa vyengine yenyewe hutaka mon (wasimamizi wa klasta) tano, wewe nadhani una tatu, basi itapandisha mon huko huko kwa mashine ambayo mtu ataizima jioni aende zake. Na kama fundi wako aliacha `ceph orch apply osd --all-available-devices` ndo balaa, diski yoyote tupu iliyo humo yageuzwa OSD, diski ya kuwekea data ya klasta, bila kuulizwa.

Hizo faili za /etc/ceph nazo zina ceph.client.admin.keyring, huo ni ufunguo wa nyumba nzima, usiuweke kwa meza ya mtu.

Klayenti yataka vitu viwili tu, ceph.conf fupi na ufunguo wake yenyewe. Kwa seva andika hivi, jina la mfumo wa faili (hapa nimeandika cephfs) lihakikishe kwanza kwa `ceph fs ls`, na hiyo folda ya /picha iwe ishakuwepo:

`ceph config generate-minimal-conf > ceph.conf`
`ceph fs authorize cephfs client.meza1 /picha rw > ceph.client.meza1.keyring`

Angalia, ukiwa umeingia ndani ya `cephadm shell` hizo faili zabaki kwa kontena, ukitoka huzioni. Andika kutoka nje, `cephadm shell -- ceph fs authorize` na kuendelea.

Zipeleke kwa scp mpaka /etc/ceph ya klayenti, ile keyring uipige chmod 600, halafu:

`sudo mkdir -p /mnt/picha`
`sudo mount -t ceph meza1@.cephfs=/picha /mnt/picha`

Usimaunti / tupu manake ruhusa ni ya /picha peke yake, utapata mount error 13. Na ukitaka kujaribu `ceph -s` uitaje nani, `ceph -n client.meza1 -s`, la sivyo yatafuta admin. Kila mashine ipe jina lake, siku moja ikiibiwa wafuta `ceph auth rm client.meza3` na hizo nyengine haziguswi.

mkaazi_langoni
Mashallah imemaunti!! Lakini sasa kuna kioja, ls yaonesha kila kitu, picha zengine zafunguka mara moja zengine zaganda tu, folda ni hiyo hiyo moja. Video ndo mbaya zaidi, yaanza kucheza vizuri halafu yasimama katikati na hata kill -9 haiiui. HEALTH_OK bado iko.

bi_terminali
Hapo kuna seva moja klayenti haifiki. Majina ya faili yatoka kwa MDS (huduma inayoshika orodha ya faili) lakini data yenyewe klayenti huifuata moja kwa moja kwa kila OSD, hakuna wa katikati, na faili kubwa hukatwa vipande vya MB 4 vikatawanywa kwa OSD zote, ndo maana video yafika kipande kilicho kwa seva iliyofungwa yasimama. Seva zenyewe zaonana ndo mana klasta haina lalamiko. Wakati imeganda andika `sudo sh -c 'cat /sys/kernel/debug/ceph/*/osdc'`, utaona maombi yanayongoja na namba ya osd, tuseme osd7, halafu kwa seva `ceph osd find 7` yakupa IP na poti. Jaribu `nc -zv` kwa hiyo poti. Watu wengi hufungua 3300 na 6789 za mon wakasahau 6800 mpaka 7300 za OSD na MDS (matoleo mapya ya Ceph hufika 7568).

mkaazi_langoni
Ni seva ya tatu, ufw (firewall) ilikuwa yaruhusu seva wenzake tu. Nimeandika `ufw allow from 192.168.20.0/24 to any port 6800:7300 proto tcp` na video ikaendelea pale pale iliposimama, sikurestati kitu. Sasa stima ikikatika na kurudi nitamaunti kila saa kwa mkono?

fundi_wa_mokowe
Weka kwa /etc/fstab, faili ya vitu vya kumaunti mashine ikiwaka: `meza1@.cephfs=/picha /mnt/picha ceph noatime,_netdev 0 0`. Ile _netdev ndo yaifanya ingoje netiwaki. Na uweke chrony (ya kusawazisha saa) kwa zote, mashine ambayo betri ya bodi ishakufa ikiamka na tarehe ya miaka ilopita yaweza kukusumbua.

wa_shela
Samahani naingilia, mimi niko Shela na redio darini inayovuta hadi ofisi ya mjini, naeza kuwa klayenti vivi hivi?

bi_terminali
Yawezekana lakini sikushauri. Kila unachoandika kwangoja kopi zote zikubali, na redio ikipotea zaidi ya sekunde 300 MDS yaweza kukutoa na maunti ibaki imekufa mpaka uitoe na kuirudisha. Kuna `recover_session=clean` ila yatupa ulichokuwa hujakiseva. Mashine moja ya ofisini iwe klayenti, iweke Samba (ya kushea folda kwa netiwaki) juu yake, wewe wa Shela uingie kwa Samba.