Grupu la Mtaa: Barabara ya Mama Mwalimu

Mama Rehema (admini): Habari za asubuhi majirani. Naomba leo tuweke pembeni matangazo ya maji na umeme kuna jambo. Siku ya arobaini ya Mama Mwalimu watu walisema kwa midomo yao kwamba hii barabara yetu ipewe jina lake, wote tukaitikia, mpaka leo kimya. Nimeonana na Mtendaji jana, mkutano mkuu wa mtaa ni jumamosi saa 4, kasema tukitaka liingie kwenye ajenda barua imfikie kabla ya alhamisi jioni. Sasa tunafanyaje?

Kaka Bajaji: Mimi naunga mkono 100%

Bi Mkubwa Nyumba ya Kona: Na mimi. Mungu amlaze pema. Hakuna mtoto wangu ambae hakupita mikononi kwake

Baba Imani: Sipingi, ila tuelewane mapema. Barabara si ina jina tayari? Kwenye nguzo pale imeandikwa Barabara ya Shule na vibao vya namba tumeshabandikiwa. Mimi anwani hiyo nimeijaza benki, kwenye leseni ya biashara, kila sehemu. Tukibadilisha jina leo nani atanirudishia hizo safari zote

Dada Steshenari: Baba Imani shikamoo. Hivi hilo jina nani alilichagua? Ile 2022 operesheni ya anwani za makazi wale vijana walipita mbiombio mana walitakiwa wamalize kabla ya sensa ya agosti, wakauliza hii njia inaenda wapi, mtu akajibu inaenda shule, wakaandika Shule wakaondoka zao. Hatukukaa hata kikao kimoja. Ng'ambo ya korongo kuna Barabara ya Shule nyingine na kule juu kwenye tangi la maji kuna nyingine tena, mzigo wangu wa karatasi kila mara unapelekwa kwingine

Kaka Bajaji: hilo nashuhudia, abiria ananitumia lokesheni shule af nafika shule siyo, mafuta yameisha na hela hanipi

Babu Fundi: Marahaba wajukuu. Nachapa polepole mnivumilie. Mimi nilihamia hapa 1973 na cherehani yangu moja, kulikua na nyumba za kuhesabu na hapo shuleni palikua shamba la mihogo. Mwaka huo ndo ilikua kampeni ya Mtu ni Afya, redio inatangaza watu wanakaa vikundi wanasikiliza af wanajadili, wanachimba vyoo, wanafyeka majani kuzunguka nyumba, wanafukia madimbwi. Kikundi chetu kiongozi wake alikua Mama Mwalimu, binti mdogo katoka chuo cha ualimu juzi tu, wazee wengine walikua hawataki kusomewa na mtoto wa kike lakini kitabu kinasomwa na anaejua kusoma na hapa alikua yeye peke yake na karani mmoja wa ushirika, basi wakakaa wakasikiliza. Choo cha kwanza cha shimo mtaa huu kilichimbwa nyumbani kwake na alishika jembe mwenyewe

Bi Mkubwa Nyumba ya Kona: Babu waeleze na kisomo

Babu Fundi: Nakuja huko. Mwalimu Nyerere alitangaza 1970 uwe mwaka wa elimu ya watu wazima, kwaiyo madarasa ya jioni yalishaanza sehemu nyingi, ila huku kwetu yalianza alivyokuja yeye. Jioni akitoka kufundisha watoto anakuta sisi tumekaa barazani kwake na kandili, wengine wametoka kubeba mizigo stesheni, wengine akina mama wananyonyesha. Mimi nilikua napima watu nguo kwa kufunga mafundo kwenye kamba, kila mteja na kamba yake, mana namba sikuzijua kuandika. Yeye ndo kanifundisha kuandika vipimo kwenye daftari. Daftari la kwanza ninalo hadi leo

Mama Rehema (admini): 🙏🏾🙏🏾 Babu hili naomba uliseme jumamosi

Baba Imani: Babu nimekusoma na nakuheshimu. Ila kuna wazo lingine, na mimi silitoi kwa ubaya, yule diwani wetu wa zamani ndo alihangaika hadi tukaletewa kifusi na mtaro, bila yeye hii barabara ingekua mto. Kwanini tusimfikirie na yeye?

Mama Rehema (admini): Diwani alifanya kazi nzuri na tulimpa kura zetu mara mbili kwa hiyo kazi. Kifusi ni hela ya serikali, ni kodi yetu. Mama Mwalimu darasa la baraza lile hakulipwa na mtu yeyote, mafuta ya kandili alinunua kwa mshahara wake

Dada Steshenari: Af tuangalie majina ya barabara za Dar yenyewe. Nyerere, Mandela, Sokoine, Kawawa, Mwinyi, Samora, Lumumba. Wote wanastahili sisemi hawastahili. Ila ukitoa Bibi Titi nitajieni harakaharaka barabara kubwa yenye jina la mwanamke

Kaka Bajaji: ...

Kaka Bajaji: bado nafikiria

Mwalimu wa Tuisheni: Mtaona pia kwamba walimu wamo lakini hatuwakumbuki kama walimu. Barabara ya Nyerere zamani ilikua Barabara ya Pugu, na Pugu ndo alikofundisha, shule ya St. Francis, hadi 1955 alipoacha kazi ya ualimu aingie kwenye siasa moja kwa moja. Mzee Mwinyi nae alikua mwalimu kule Zanzibar kabla ya yote. Lakini vile vibao viko pale kwasababu walikua marais. Mtu aliebaki darasani mpaka anastaafu hapewi hata kichochoro, ndo mana mimi hili jambo nalitaka sana

Baba Imani: Hapo kwa kweli umenena

Mtendaji Mtaa: Habari wananchi. Nimesoma kuanzia juu. Naomba niweke sawa machache. 1) Jina la barabara halibadilishwi na grupu wala na mimi. Linaanza mkutano mkuu wa mtaa, linaandikwa kwenye muhtasari pamoja na mahudhurio, linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, kisha manispaa ndio wenye uamuzi, wakikubali ndio linabadilishwa kwenye NaPA, mfumo wa kidijitali wa anwani za makazi, na kibao kinafuata. 2) Baba Imani postikodi ni ya kata nzima haibadiliki kwa sababu ya jina la barabara moja. Kitakachobadilika ni jina la barabara, na ofisi itatoa barua ya utambulisho kwa atakaehitaji kupeleka benki au kwingine. 3) Familia ya marehemu iridhie kwa maandishi. Bila hilo mimi siwezi kupokea

Baba Imani: Kama barua ya utambulisho itatolewa basi mimi sina kikwazo. Niandikeni jina

Mama Rehema (admini): Asante sana Baba Imani. Mjukuu wa Mwalimu upo? Familia inasemaje

Mjukuu wa Mwalimu: Shikamooni wote. Nipo nasoma tu na machozi yananitoka. Ngoja niongee na shangazi usiku akitoka kazini, yeye ndo mkubwa sasa hivi kwenye familia

Dada Steshenari: Wakati tunasubiri na mimi niseme langu, wengine mnalijua wengine hamlijui. Mimi nilifukuzwa shule kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito. Enzi hizo ukishika mimba ndo mwisho, hakuna kurudi, ruhusa ya kurudi shule imekuja novemba 2021 na mwanangu alishakua mkubwa. Nyumbani baba alikua haongei na mimi. Mama Mwalimu alikuja mwenyewe, alishastaafu wakati huo, hakusema maneno mengi, alimwambia mama huyu kesho saa 10 aje kwangu na daftari. Nikakuta tuko wasichana kadhaa pale barazani, wengine siwajui wametoka mitaa mingine, mmoja anasoma huku kampakata mtoto. Alitufundisha hesabu na kiingereza yeye mwenyewe, baiolojia akamuomba kijana wa chuo aje wikiendi. Akatupeleka kujiandikisha QT, ule mtihani wa maarifa, tukafanya, af nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea nikapata cheti. Hii steshenari mnayotolea kopi ni cheti kile na mkopo wa kikundi. Kila ninaposikia watu wanasema alikua mwalimu wa shule ya msingi tu naumia, mana kazi yake kubwa kwangu mimi aliifanya akiwa hana ofisi wala chaki ya serikali

Bi Mkubwa Nyumba ya Kona: Mwanangu 😭 mimi nilikua namuona anapita jioni na ubao mdogo kwapani nikajua anaenda kwenye vikoba

Kaka Bajaji: dada heshima yako. sikujua

Mwalimu wa Tuisheni: Hii iingie kwenye barua kama wewe mwenyewe unaridhia, bila kutaja jina lako

Dada Steshenari: Itajwe na jina. Sina cha kuficha

Babu Fundi: Na msisahau Azimio la Musoma 1974. Ilisemwa kila mtoto awe shule ifikapo 1977 wakati mwanzo walipanga 1989, madarasa yakajaa pomoni walimu hawapo, ndo wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba wakawa wanajifunza ualimu huku wanafundisha, wale tuliowaita walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote. Watu waliwadharau sana. Yeye aliwachukua wa shule yake akawa anawaandalia somo nao usiku kabla ya kesho yake, kuna mmoja amekuja kuwa mwalimu mkuu

Mtendaji Mtaa: Naomba mkubaliane pia jina litaandikwaje. Mapendekezo yenu yote yanasema Mama Mwalimu. Nje ya mtaa huu hakuna atakaejua ni nani

Kaka Bajaji: mi naona libaki Mama Mwalimu ndo tulivyomzoea

Mwalimu wa Tuisheni: Kila mtaa una Mama Mwalimu wake kaka. Baada ya miaka 30 mtoto anauliza huyu alikua nani anajibiwa alikua mama fulani mwalimu fulani, tutakua tumerudi kulekule kwenye Barabara ya Shule

Bi Mkubwa Nyumba ya Kona: Liandikwe la mumewe? Mume alikua anajulikana mpaka bandarini

Mama Rehema (admini): Tusubiri familia

*Saa 3:47 usiku*

Mjukuu wa Mwalimu: Nimeongea na shangazi karibu saa nzima. Familia imekubali na barua ya kuridhia ataisaini kesho asubuhi, nitaipeleka mwenyewe ofisini. Ana masharti mawili. Kwanza liandikwe jina la bibi mwenyewe na la baba yake kama lilivyo kwenye cheti cha ualimu na mbele liwe na neno Mwalimu, kasema babu alikua mtu mwema ila hakufundisha darasa hata moja. Pili kama kuna mtu alikua anataka kuchangisha hela ya sherehe ya kuzindua kibao, asichangishe, hiyo hela wanunuliwe madaftari wasichana wanaosoma barazani, mana bado wapo wanne na yule kijana wa baiolojia bado anakuja

Baba Imani: Mimi natoa katoni moja ya madaftari kesho. Na shangazi mwambieni wazo langu la diwani nimeshaliondoa

Mwalimu wa Tuisheni: Rasimu ya barua nimemaliza, ni kurasa mbili. Dada ukiichapa niachie nafasi pale kwenye jina tulijaze kutoka kwenye cheti chenyewe tusije tukakosea herufi

Dada Steshenari: Nitumie sasa hivi. Natoa kopi 5, moja ya Mtendaji, ya kata, ya manispaa, ya familia na ya kwetu ya kugongewa muhuri wa kupokelewa

Babu Fundi: Jumamosi mnipitie saa 3 na nusu na bajaji. Nakuja na daftari

Kaka Bajaji: saa 3 kamili nipo mlangoni babu, na Bi Mkubwa nampitia