Tupeane uzoefu: safari ya meli ya bei poa na hela zinazokutoka ukishapanda

Mama_Mwanga
Wapendwa za jioni, niko hapa Mwanga, Kigoma. Dada yangu anafanya kazi Hispania, mwaka juzi alinialika tukapanda meli ya utalii pale Barcelona, siku saba, tiketi tuliipata kwa ofa na mimi nikajua tumeshamaliza kulipa maana kitanda kimo, chakula kimo. Sasa ukiingia unapewa kadi, hiyo kadi ndo ufunguo wa chumba na ndo pochi humohumo, kila ukichukua kitu wanaigusisha kwenye mashine na hela huioni ikitoka, na hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Chumbani kulikuwa na chupa mbili za maji, usiku kiu ikanishika nikafungua moja nikanywa, asubuhi dada anaigeuza ananionyesha kikaratasi kimening'inia shingoni mwa chupa, kina bei.

Siku ya tatu tukaenda mapokezi tukaomba bili ya karatasi. Dada akawa anashuka na kidole mstari kwa mstari, maji, soda za chakula cha usiku, halafu kuna mstari unajirudia kila siku, euro 12 kila kichwa. Ni bakshishi ya wahudumu, inakatwa yenyewe! Siku 7 watu wawili ni euro 168, na kwenye tangazo ilikuwa kule chini kwa maandishi madogo kama mchanga. Wale vijana wanachapa kazi kwelikweli na bakshishi yao ni haki yao, mimi nachotaka niambiwe mwanzo nijipange.

Halafu ratiba imeandikwa Roma. Jamani meli haifiki Roma, inatia nanga Civitavecchia, mpaka Roma ni treni kama saa nzima. Basi la meli lilikuwa bei mbaya, dada akakataa, tukaenda stesheni wenyewe na tiketi ya treni ya kawaida haikufika euro 10. Ila ukienda kivyako rudi mapema sana, ukichelewa meli haikusubiri, na kuifuata bandari inayofuata ni juu yako. Na simu zima data kabla hamjaondoka bandarini, huko baharini inadaka mtandao wa meli wa setilaiti na makato yake utalia.

Wengine mlikutana na nini? Iwe huko nje iwe hapahapa ziwani kwetu.

Kasulu_Yetu
Pole dada. Na viza je?

Mama_Mwanga
Niliombewa ya kuingia zaidi ya mara moja, maana meli ilipita Tunisia ndo ikarudi Ulaya. Ukiwa na ya kuingia mara moja, ukitoka hivyo imeisha, unaweza ukakataliwa kupanda siku ya kwanza na tiketi ukaipoteza.

Mwl_Katubuka
Yangu ni ya Gombe, kule hifadhi ya sokwe. Tulikuwa walimu sita, na sio mbali, kama kilomita 16 tu kutoka mjini, ila njia ni ziwa. Tukasema tubane matumizi tupande boti ya abiria pale Kibirizi, nauli yake ndogo kweli. Kumbe ile boti inaondoka mchana kwenda vijiji vya kaskazini, inakushusha jioni, na ya kurudi mjini inapita asubuhi mapema kabla hujaenda hata kuwatafuta sokwe, kwahiyo ili uwaone lazima ulale siku mbili, na kulala kule ni hela, na kiingilio kinahesabiwa kwa masaa 24, na mwongozaji analipwa mbali. Ile nauli ndogo ndo ilitufanya tutumie kubwa. Mwenzetu mmoja alisahau kitambulisho cha taifa, akahangaika sana getini kupata bei ya mwananchi maana ya mgeni ni mara nyingi zaidi.

Mwaka uliofuata tukakodi boti yetu, laki tatu kwenda na kurudi, tukachanga. Tumefika ufukweni na mabegi, mwenye boti anasema mafuta ni juu yenu. Tulirudi nyumbani siku ile. Safari ya tatu ndo nilienda na karatasi ya makubaliano.

Bi_Mawese
Mwalimu umenikumbusha mbali. Mimi nilikuwa napeleka mawese Kirando enzi ile meli ya Liemba iko kwenye safari zake. Vituo vingi hakuna gati, meli inasimama majini, mitumbwi inaizunguka usiku kelele tupu, kila kijana anavuta mzigo wako, na akishashika dumu tu ushakuwa na deni lake. Nauli ya meli nilikuwa naijua, ya mtumbwi sikuijua, na pale mchangani kuna wabebaji tena. Baadaye nikawa napatana nikiwa bado juu ya meli, mikono iko kwenye madumu yangu, bei moja mpaka nchi kavu.

Unyanyembe_1
Sisi tunaotoka Tabora wekeni na siku za kusubiri. Nilifika Kigoma na treni, naambiwa chombo kimeahirisha, gesti siku tatu na kula juu yangu. Siku hizi napiga simu kwanza kwa mtu aliye palepale bandarini.

Mama_Mwanga
Asanteni sana. Mwalimu, nataka nimpeleke mama Gombe mwezi wa saba, tuko wanne. Kwenye hiyo karatasi uliandika nini, nami nikopi?

Mwl_Katubuka
Mafuta ya kwenda na kurudi, saa ya kuondoka na saa ya mwisho ya kutusubiri, boya la kila mtu, na ziwa likichafuka tukashindwa kurudi siku hiyo nani analipa. Hilo la mwisho mzee wa boti alinyamaza kidogo, akaangalia ziwa, kisha akasema usiku mmoja atabeba yeye, wa pili tugawane. Tukasaini wote wawili.