Fulana na suruali pana: tununue namba kubwa au tutafute mkato wake?

Mwanafunzi wa Katuba
Ndugu zangu, ninapenda mavazi mapana ya grunji, yaani ya wapenzi wa ule muziki wa roki wa Marekani, na ya vijana wa hip-hop, lakini kila ninaponunua mitumba ya namba kubwa katika soko la Kenya hapa Lubumbashi, shingo ya fulana hulegea, pindo hushuka mapajani, nami huonekana kama niliyeazima nguo. Kasoro ni nini?

Fundi wa Kamalondo
Mdogo wangu, unachagua namba badala ya mkato. Fulana ya kawaida ikipandishwa namba huongezeka upana, urefu na tundu la shingo kwa pamoja. Ile iliyokusudiwa kuwa pana huongezwa kifuani na kwapani, mshono wa bega ukashushwa hadi kwenye mkono, huku shingo ikibaki ndogo na pindo likiishia nyongani. Basi sokoni anza na shingo, kisha tazama bega linapoangukia, kisha shika kitambaa, kwa kuwa pamba nzito hushikilia umbo lake na nyepesi hunata mwilini. Suruali nayo ikutoshe kiunoni, au karibu na hapo: fundi akipunguza kiuno kupita kiasi, mifuko ya nyuma husogeleana na suruali yote huharibika sura. Pindo lipandishwe, lakini miguu isibanwe.

Dada wa Kampemba
Fundi amesema vema. Ningependa pia tukumbuke kwamba mengi ya mavazi haya yalitoka kazini. Kampuni ya Carhartt ilianzishwa Detroit, Marekani, mwaka 1889 ikiwashonea wafanyakazi wa reli, na miaka ya 1990 makoti yake ya turubai yakawa vazi la vijana wa hip-hop. Wanamuziki wa grunji wa Seattle walivaa mashati ya drafti kama ya wakata miti, mengi yakiwa ya mitumba, kisha mwaka 1992 mbunifu wa mavazi Marc Jacobs akayapandisha kwenye jukwaa la mitindo la kampuni ya Perry Ellis kwa vitambaa vya bei ghali. Kwa maoni yangu, kijana wa mji wetu wa migodi anayechambua marobota ya mitumba, au anayevaa koti la kazi la mjomba wake, yuko karibu zaidi na asili ya mtindo huu kuliko anayeununua dukani.

Mwanafunzi wa Katuba
Nashukuru sana. Nami niliye mfupi, je, nivae pana juu na chini?

Fundi wa Kamalondo
Vaa, mradi fulana isivuke nyonga na suruali isirundikane juu ya viatu. Upana haukufupishi, kinachokufupisha ni urefu uliozidi.